Niacheni na makapteni wangu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu lilipouzwa kwa sarafu, na sijawahi kukuandikia hata neno moja. Lakini makala ile ya Jumamosi iliyopita, kuhusu wanawake wanaosoma riwaya za mapenzi za Ulaya ya kale, imemtoa nyoka pangoni. Mwandishi wako alitutia sote kapu moja: tumetekwa akili, tumeikimbia nchi yetu, hatujui lolote ila magauni na farasi.

Jumatatu jioni nilikuwa kwenye matatu ya Umoja. Jogoo Road imekwama kama kawaida, nami katika riwaya yangu nimefika pale binti wa watu na kapteni wake wanapotoroka usiku kuelekea mpaka wa Uskoti. Kijana aliyeketi kando yangu akachungulia jalada. Ni kweli, lina mwanamume ambaye vifungo vya shati vimemshinda. Si mimi niliyelichora. Akacheka, akasema kwa sauti ya kumfikia dereva, "Shosho, hata wewe? Si mliandikwa kwenye gazeti!" Makanga naye akatia chumvi yake. Nina miaka 67, nimelea watoto wanne, nimepiga taipu barua za wakubwa miaka 30, halafu gari zima linanicheka kwa kitabu cha shilingi 80! Nikamuuliza kijana kama anajua kwa nini wapenzi hao wanakimbilia Uskoti na si kwingine. Kimya. Basi nikamweleza, na mwandishi wako naye asikie: kuanzia 1754, sheria ya Uingereza ilimzuia aliye chini ya miaka 21 kufunga ndoa bila idhini ya wazazi, lakini sheria hiyo haikuvuka mpaka. Ukivuka tu unakutana na kijiji cha Gretna Green, ambako hata mhunzi aliweza kuwaozesha kwenye fuawe lake, mradi kuna mashahidi wawili. Mambo yakaenda hivyo mpaka 1856, ilipotungwa sheria kwamba mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21 kwanza. Siku 21, Mhariri! Ndizo hizo hizo za notisi ambazo Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 inawataka wanaofunga ndoa ya serikali wazingoje. Hayo sikufundishwa na mwalimu. Nilianza na kitabu chenye jalada la aibu, kisha nikaenda maktabani kupekua ensaiklopidia nione kama nadanganywa.

Wapo wanaodanganya, sikatai. Nimewahi kumsoma bwana mmoja aliyewasha kibiriti cha kukwaruza kwenye dansi ya Duchess of Richmond, Brussels, Juni 1815, siku tatu kabla ya vita vya Waterloo. Kibiriti hicho hakikuuzwa mpaka 1827. Nilikirudisha kitabu, nikabadilishiwa. Laiti makala yenu ingehusu hilo.

Eti turudi kwetu. Haya, turudi. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alizaliwa 1844, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka 1866 kwa manowari ya Kiingereza akiwa mjamzito. Mwaka 1870 mumewe akafa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na baridi. Kapteni gani atafua dafu hapo? Lakini muuzaji wangu wa kando ya Tom Mboya Street hajaniletea riwaya ya Kiswahili inayomhusu. Cha Kiswahili anachopata ni seti buku, kila ukurasa umepigwa mistari na mtahiniwa, pembeni kumeandikwa "tashbihi, tashbihi, jazanda". Nayo ikiwa mpya, tangu 2013 inatozwa VAT ya asilimia 16, kana kwamba ni jokofu.

Mwandishi wako na aje Jumamosi saa tatu asubuhi. Ataketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, pale pale kwa muuzaji, asome riwaya moja mpaka mwisho. Chai na mandazi mawili ni juu yangu. Asipokuja, hakuna neno. Nimeshaikata makala yake nikakifunikia kitabu changu, kama tulivyofunika madaftari shuleni, na picha yake imeangukia barabara pale palipokuwa na kifua cha kapteni.

Msomaji wa miaka mingi,
Umoja, Nairobi