Ile sauti yangu ya Julai

Liège, 16 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji, watoto na wote wa nyumba ya Kadutu, Bukavu. Mama mwambie nimepata ujumbe wake, na kwamba nakula vizuri. Wiki iliyopita nilipata sombe iliyotwangwa kwa mama mmoja wa Uvira anayeuza hapa, nikapika na bugali, nikala hadi nikamkumbuka Baba.

Juzi usiku kaka alinipigia simu. Akaanza kwa mazungumzo ya kawaida, bei ya unga, barabara, watoto wa shule, kisha akanyamaza. Nikajua kuna neno. Ndipo akaniambia kwamba tangu Agosti una uvimbe kwenye titi la kushoto, hutaki kwenda hospitali, na kila anayekusihi unamjibu: "Hata dada, yuko Ulaya penye kila mashine, alikataa shimio, zile dawa kali za kansa. Mimi niifuate ya nini?"

Sikulala, mdogo wangu. Ninakuandikia kwa sababu mambo haya hayaenei kwenye ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na sauti yangu ya dakika mbili ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nilisema nini mwezi wa Julai? Nilisema: "Nimekataa shimio, namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Yote ni kweli. Lakini niliwapa kipande cha habari, na kile nilichokiacha ndicho kilichokuwa na uzito. Nilikuwa nimechoka, nikataka mfurahi. Kaka akaisikia akaituma kwa wajomba, wajomba wakaituma kwa watu wa kanisa, na sasa imekurudia wewe kama ushauri. Nikueleze basi tangu mwanzo.

Hapa Ubelgiji mwanamke akiwa kati ya miaka 50 na 69 huletewa barua kila baada ya miaka miwili, aende kupigwa picha ya matiti bila kulipa. Ya kwangu ilikuja Januari. Sikuwa na maumivu, wala mkono wangu haukuwa umegusa kitu. Waliona doa la milimita 14. Wakanilaza, wakanitia ganzi, wakaingiza sindano nene ya kukata kipande. Ile sindano inalia "tak!", kama mashine ya kubania karatasi kwenye ofisi, na kila ikilia unaruka hata kama huumwi. Wakaifyatua mara nne. Muuguzi alinionyesha vile vipande ndani ya kichupa: vyembamba, vyeupe, kama uzi wa tambi. Nikawaza, uhai wangu wote sasa unasomwa kwenye nyuzi hizi.

Majibu niliyapata katikati ya Februari, siku zilezile Bukavu ilipoingiliwa na waasi wa M23. Ninyi mlikuwa mmejifungia ndani, simu hazishiki, nami nilikuwa na karatasi iliyoandikwa kansa mkononi. Ningewaambiaje? Nikanyamaza. Unisamehe kwa hilo, ingawa nadhani hata leo ningenyamaza.

Kilichonishangaza zaidi ni daktari kuniuliza ninataka nini. Sisi tumekulia pale ambapo muganga anasema, mgonjwa anaitika. Na neno letu lenyewe, muganga, ni yule wa koti jeupe na ni yule wa majani. Wote wawili hawaulizwi. Huku kuna sheria ya haki za mgonjwa tangu mwaka 2002: lazima akueleze kwa maneno unayoyaelewa, na hawezi kukugusa bila wewe kukubali. Nilikuwa nimeshaamua njiani, ndani ya basi. Nikamwambia: "Toa titi lote, nisilione tena." Hakunibishia. Akavuta kiti karibu, akanieleza kwamba huko Milano na huko Marekani waliwafuata wanawake kwa miaka 20, wengine walitolewa titi lote, wengine walitolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi, na matokeo yalipotoka mwaka 2002, idadi ya walioendelea kuishi ilikuwa ileile. Akasema: "Nenda nyumbani, ufikirie." Nilifikiri siku tatu. Nikachagua kubaki na titi langu. Wakanipasua Machi, tezi za kwapani wakazipima, zikawa safi.

Sasa tufike kwenye shimio. Ule uvimbe ulipotolewa waliupima tena. Kwanza, ilikuwa kansa inayolishwa na homoni. Pili, haikuwa na wingi wa ile protini wanayoiita HER2, inayoifanya kansa ikue upesi. Tatu, walituma kipande kwenye kipimo kinachoitwa Oncotype DX, kinachosoma jeni 21 za uvimbe na kutoa alama ya hatari ya kansa kurudi. Yangu ilikuwa 17. Kuna utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 10,000, ulitoka mwaka 2018, ulioonyesha kwamba mwanamke aliyevuka miaka 50, mwenye kansa kama yangu, tezi zikiwa safi, na alama isiyozidi 25, shimio haimwongezei kitu akishakunywa vidonge vya kuzuia homoni. Mimi nina miaka 57. Daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa na yule anayesoma vipande kwa darubini walikaa meza moja, wakazungumza habari zangu, na wao wenyewe wakaona haifai kunitesa. "Kukataa" kwangu kulikuwa kutia saini chini ya shauri hilo. Kisha nikapigwa mionzi mara 15, na tangu Juni nakunywa letrozole, ndicho kidonge changu cha kuzuia homoni, kila asubuhi, na nitaendelea nayo miaka mitano. Hayo ndiyo niliyoyaacha kwenye sauti yangu.

Wewe una miaka 43. Utafiti uleule ulionyesha kwamba kwa wanawake wasiozidi miaka 50, wenye alama kama yangu hii, shimio iliwasaidia baadhi yao. Yaani karatasi hiihii yangu, ingekuwa na umri wako juu yake, huenda daktari angeniambia jambo jingine. Hata vidonge vyangu usingeweza kuvinywa hivihivi, maana bado unaona siku zako na dawa hii ni ya waliokoma. Tena kuna kansa ya titi isiyosikia homoni wala HER2, na kwa kansa ya namna hiyo shimio ndiyo tegemeo kubwa. Sijui yako ni ipi. Wewe hujui. Inawezekana kabisa si kansa. Uvimbe mwingi wa matiti si kansa. Lakini hakuna mkono, hata wa shangazi mwenye uzoefu, unaoweza kuupapasa uvimbe ukajibu.

Kaka ameniambia pia kwamba unakunywa maji ya majani ya korosoli, yaani mstafeli, na mzee mmoja anakupaka dawa jioni. Sitakudharau kwa hilo. Unakumbuka nilivyoharisha utotoni na Bibi akanipa mubirizi, nikatapika uchungu wake siku nzima, kisha nikapona. Miti inatibu. Ile dawa ya kansa iitwayo paclitaxel ilianzia kwenye gamba la mti unaoota pwani ya magharibi ya Marekani. Vincristine inatoka kwenye ua la Madagaska, lile dogo la waridi ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba bila kujua. Lakini huwezi kulichuma ukalichemsha, lina sumu. Watu walitumia miaka kutafuta kilichomo ndani yake ni kipi, kiasi gani kinaua uvimbe na kiasi gani kinamuua mtu. Korosoli bado haijafika hapo. Imeua chembe za kansa kwenye vyombo vya maabara, ni kweli, na ndiyo maana video zake zinazunguka. Kwa mwanamke mwenye uvimbe haijathibitishwa. Na kisiwani Guadeloupe, wanakokunywa sana chai ya majani hayo, madaktari waliona watu wengi wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, wakaihusisha nayo.

Ile chupa mliyonitumia Septemba, iliyopitia Kigali kwa sababu uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, niliipokea kwa machozi. Chupa ya bia, imezibwa kwa nailoni na kufungwa na kipande cha kitenge cha Mama. Niliipeleka kwa mfamasia wa hospitali. Aliifungua, akainusa, akaishika juu kwenye mwanga. Akaniuliza kwa adabu: "Ni majani gani?" Nikampigia kaka, kaka akampigia yule mzee, yule mzee akasema ni majani saba na hayataji. Basi mfamasia akasema hawezi kuniambia yatafanya nini yakikutana na dawa yangu, wala ini langu litayachukuliaje. Nikaiweka kabatini. Iko hapo. Sikuinywa, na sikuimwaga.

Usidhani ninaishi kwa vidonge peke yake. Letrozole imeniuma viungo: asubuhi vidole vyangu haviwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na magoti yanalia kama mlango wa zamani. Agosti nilikaribia kuacha. Nikamwambia daktari, naye akanielekeza kwa mama mmoja wa sindano za Kichina. Ananichoma sindano nyembamba kama nywele kwenye viwiko na vifundo vya miguu, nalala dakika ishirini, nasikia joto. Hilo nalo limepimwa kwa wanawake wenye maumivu kama yangu, na liliwapunguzia. Halitibu kansa, na yeye mwenyewe aliniambia hivyo siku ya kwanza. Linanisaidia niendelee na dawa inayotibu. Natembea pia kando ya mto Meuse kila siku. Na ninaomba. Siku ya upasuaji niliimba moyoni ule wimbo wa Mama wa alfajiri hadi usingizi ukanichukua. Hakuna daktari aliyenikataza.

Nilichokikataa ni kuchagua kimoja na kuacha kingine. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaangalia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala pekee, wakawalinganisha na waliotibiwa hospitali. Walichapisha mwaka 2018. Kwa kansa ya titi, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara tano. Nilipoisoma sikuwaona hao wa Marekani. Nilimwona shangazi yetu wa Bagira.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Alikuwa akikunja kitambaa mara nne na kukiweka ndani ya blauzi, nasi tukadhani ni mtindo wake wa kuficha pesa. Siku moja nilimsaidia kuoga. Kitambaa kilikuwa kimeshikamana na mwili. Nilikilowesha kwa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, na harufu ilipotoka alinitazama usoni kuona kama nitageuka. Sikugeuka. Aliniambia alikuwa na kitu kidogo kama punje ya karanga, miaka miwili nyuma, na kwamba mahali alipokuwa akiombewa walimwambia akienda kwa sindano imani yake imevunjika. Alipokubali kwenda hospitali hapakuwa tena na la kuchagua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: alipoanza alikuwa na uamuzi mkononi, na siku zikamnyang'anya.

Kwa hiyo ninakuomba kitu kimoja. Nenda hospitali ya Panzi, ukamwone daktari wa wanawake, umwambie uvimbe ulianza lini, na uombe kipande kitolewe kwa sindano. Kukata kipande hakusambazi ugonjwa. Najua ndivyo wanavyosema sokoni, nami niliogopa hivyohivyo. Gharama ni zangu, shemeji asihangaike. Nitatuma kwenye simu yako Jumanne. Wakihitaji vipimo wasivyo navyo, kuna Butaro kule Rwanda, kituo cha kansa kilichofunguliwa mwaka 2012, na hospitali ya Kanombe, Kigali, kuna mionzi. Kuvuka mpaka wa Ruzizi siku hizi kuna mashaka yake, ninajua, tutapanga pamoja. Wambie pia kuhusu korosoli na kile unachopakwa. Usifiche. Daktari asiyejua unakunywa nini anakutibu gizani.

Ukipata karatasi, ipige picha unitumie mimi peke yangu, usiiweke kwenye kundi la familia. Tutaisoma mstari kwa mstari. Hapo ndipo utaamua. Na ukishasoma, ukaelewa, ukaniambia, "Dada, mimi hii tiba siitaki," nitalia, nitakubembeleza, lakini nitakusikia, maana mwili ni wako kama huu ulivyo wangu. Leo siwezi kukusikia, kwa sababu bado hujakataa kitu. Umeniiga tu, na umeiga kitu nisichokifanya.

Nipigie Jumapili mkitoka misa. Ile sauti ya Julai nimemwomba kaka aifute, naye awaombe wajomba waifute. Na wewe uifute. Wakiuliza dada alisema nini, wasomee hii.

Dada yako mkubwa