Mama, hatukukuzidishia upepo

Jumatatu iliyopita mteja mmoja wa duka letu la matairi hapa Mtwara, mama anayepeleka vitenge Lindi kwa Noah yake, alishuka garini amekunja uso, na mbele ya watu waliokuwa wakisubiri akasema tumemwibia. Siku mbili nyuma alijaza upepo kwetu asubuhi, psi 33 kila tairi (psi ndicho kipimo cha upepo). Akaondoka saa 4, akaingia Lindi saa 6 mchana, akasimama mahali kuziba pancha ya spea. Kijana wa pale akapima matairi yote, akakuta 38. "Mama, waliokujazia wamezidisha, hili lingekupasukia njiani." Akamtolea upepo mpaka 33. Sasa amerudi Mtwara, usukani mzito na gari linalala kwenye kona. Kwa hiyo, kwa maneno yake, kwanza tulimzidishia, halafu tumemuuzia matairi yanayovuja.

Nikamkaribisha kwenye benchi, nikachukua geji. Anakaa Ligula, hapa hapa jirani, na gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, kwa hiyo matairi yalikuwa bado ya baridi. Nikasoma kwa sauti ili asikie: 29, 29, 28, 29. Tairi linalovuja huvuja peke yake, haliwezi kukubaliana na wenzake watatu kupungua sawasawa. Upepo ule ulitolewa Lindi.

Malalamiko haya tunayapata karibu kila wiki, na kila mara chanzo ni kilekile: watu hawajui kwamba upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Namba iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva ni ya tairi lililosimama masaa matatu au zaidi, au lililotembea kilomita moja mbili tu polepole. Ukishaenda kilomita mia kwa jua la saa sita, hewa ya ndani inapata moto na kutanuka. Kwa kukadiria, kila joto likipanda nyuzi 5 au 6, upepo unapanda psi 1. Kutoka 33 ya asubuhi kufika 38 ya mchana ni kawaida kabisa, na waliotengeneza tairi walishaipigia hesabu. Ukitoa ile iliyoongezeka, tairi likipoa usiku linabaki na 28 au 29, na kesho yake unaondoka na tairi legevu bila kujua.

Tairi legevu ndilo linalopasuka. Ubavu wake unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kule kujikunja kunazalisha moto mwingi kuliko lami yenyewe. Ndiyo maana kumtolea mtu upepo njiani kwa sababu tairi ni la moto ni kulizidishia moto.

Msimu wa korosho uliopita alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba. Alikuwa amepunguza upepo ili apite kwenye mchanga, jambo ambalo ni sahihi. Hata wanaokwenda Msimbati kuendesha ufukweni tunawashusha mpaka 18 hivi, wapite taratibu bila kukata kona kali. Lakini yeye alipotoka kwenye mchanga akapanda lami na magunia nyuma, mwendo wa 90, bila kuongeza. Tairi la nyuma kushoto likapasuka kabla hajaingia mjini. Alikuwa amelinunua kwetu miezi mitano kabla, na alikuja kudai jipya. Sikubishana naye. Nililivua kwenye rimu mbele yake, nikaliinamisha juu ya karatasi nyeupe. Ukamwagika unga mweusi kama masizi, viganja viwili vizima. Ule unga ni raba ya ndani ya ubavu iliyosagika yenyewe kwa kukunjwa bila upepo wa kutosha. Tairi bovu la kiwandani halitoi unga namna ile. Mzee akaushika, akausugua kwa vidole, akaniambia, "Basi mwanangu, nimeelewa." Alinunua mawili, na nikamwonyesha kwenye stika kwamba gari likijaa mzigo namba ya nyuma inapanda.

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51, wanataka ijazwe hiyo. Ile ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Ukijaza hivyo gari linadunda, breki inapungua nguvu kwenye mvua, na kashata (meno ya tairi) ya katikati inaisha huku pembeni bado mpya. Kama stika yako ni ya Kijapani na imeandikwa 220 au 230, usishtuke, hizo ni kPa, kipimo kingine cha upepo: gawa kwa 6.9 upate psi 32 au 33. Spea nyembamba ndiyo ya tofauti, nyingi zinataka 60, na karibu zote tunazozipima zina 20.

Halafu kuna vijana wa video. Mmoja mwenye Altezza alitaka nimshushie mpaka 26 kwa sababu ameona madereva wa Nürburgring, uwanja wa mbio za magari kule Ujerumani, wakitoa upepo kabla ya kuingia uwanjani. Alichokiona ni kweli, ila hakuona mwisho wake. Uwanja ule mzunguko mmoja ni zaidi ya kilomita 20 za kona na breki kali, tairi linachemka kwa dakika chache na upepo unapanda psi 6 mpaka 10. Kwa hiyo wanaanza chini, 26 au 28, ili tairi likishachemka lisimame kwenye 34 au 35 wanayoitaka. Wakitoka wanapima tena papo hapo, wanarekebisha, na kabla ya kurudi nyumbani wanajaza upepo wa barabarani. Wewe unatoka Mtwara kwenda Masasi, kilomita kama 200, na watu wanne na mabegi. Matairi yako hayatachemka namna ile, yatabaki legevu njia nzima, na shimo moja tu rimu inapinda. Nilikataa kumshushia. Aliondoka kwa hasira, na ningekataa tena leo.

Kuhusu bei. Tunatoza 500 kwa tairi na tunajua kuna wanaojaza kwa 200, tena kwa kupiga teke na kusikiliza. Tunachofanya kwa 500 ni hiki. Kila asubuhi kabla ya kazi tunafungua koki ya chini ya tangi la kompresa na kumwaga maji, maana hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji yakiingia kwenye tairi yanakula rimu na kuchezesha upepo. Wanaoniulizia naitrojeni, gesi ambayo wengine hujazia matairi badala ya hewa, wajue hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Kwetu iwe kavu tu inatosha. Tuna geji mbili za kazi na ya tatu iliyofungiwa kabatini, ya kuzikagua hizo mbili. Kila valvu tunaipaka povu la sabuni tuone kama inatoa mapovu, na tunarudisha kifuniko chake. Tairi jipya la gari dogo ni laki moja na kuendelea, na nimeona mengi yakitupwa kwa sababu ya upepo mbaya, nusu ya kashata ikiwa bado nzima.

Tunafungua saa 12 asubuhi, na huo ndio muda mzuri wa kuja. Ukija matairi yakiwa ya moto tutakujazia ya kukufikisha nyumbani bila kukutolea hata kidogo, tutaandika namba kwa chaki ubavuni, na utarudi kesho yake kabla ya jua kwa kipimo cha kweli. Hiyo ya pili hatutozi. Yule mama tulimrudishia 33 bila malipo, na sasa ana geji yake mwenyewe kwenye droo ya gari.