Wamalize kitabu kwanza, ndipo muende sinema

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Uliniuliza kama uwapeleke wanao kwenye ile filamu iliyotokana na kitabu wanachosoma: wapeleke, ila wamalize kitabu kwanza. Cha kurasa 120, mkisoma 10 kila usiku, kitaisha kwa siku 12. Kisha acheni wiki moja ipite. Mtoto aliyekimaliza jana hukaa ukumbini kama msimamizi wa mtihani. Asiyekisoma kabisa naye, sura za waigizaji ndizo zitakazomganda kichwani, asijichoree za kwake.

Waambie mapema kwamba mambo yatabadilika. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo riwaya ya kurasa 300 haienei katika saa mbili; wahusika wawili hufanywa mmoja, safari nzima hukatwa. Wape mfano wa hadithi ya Mchawi wa Oz, ya msichana Dorothy anayejikuta katika nchi ya ajabu iitwayo Oz. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, viatu vya Dorothy ni vya fedha. Filamu ya 1939 ikavifanya vyekundu ili vipendeze kwa rangi. Hilo watoto husamehe. Kinachowaudhi ni kwamba Oz ya kitabuni ni nchi ya kweli, ya filamu ikawa ndoto tu, na hapo mimi niko upande wao. Anayeona tofauti akunje kidole, asiseme, mtahesabu mkitoka. La sivyo mtanong'onezwa mpaka mwisho.

Woga usiupime kwa kitabu. Jitu lenye mistari mitatu kitabuni laweza kupewa dakika nzima za kunguruma. Wadogo wengi hutishwa na sauti kuliko picha, kwa hiyo mfundishe mtoto wako wa mwisho kuziba masikio, si macho tu. Soma daraja la umri la filamu pamoja na maelezo ya sababu yake. Chukueni viti vya kando ya njia, safu za katikati kwenda nyuma: shingo haziumi, na anayelia anatoka bila kuruka miguu ya watu. Matangazo ya mwanzo huweza kufika dakika 20. Yajumlishe na urefu wa filamu, maana subira ya mtoto huanza kuisha hapo. Choo ni kabla ya kuingia, hata akikataa.

Miwani ya 3D, ile ya kufanya picha ionekane kama imetokeza, ikiwa ya watu wazima huwateleza watoto puani. Chagua onyesho la kawaida. Kama kuna maandishi ya tafsiri chini ya picha, hukaa sekunde chache tu. Anayesoma kwa kusitasita hayawahi, mtafutie filamu iliyotiwa sauti ya lugha anayoielewa.

Niandikie jina la filamu nikuangalizie kama ni kitabu kizima. Kitabu cha mwisho cha Harry Potter kiligawanywa filamu mbili, 2010 na 2011, na mtoto asiyeambiwa hilo hutoka amenuna.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako