Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: sumu ya mwani na kinga ya kome wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mimi nitajikita katika jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya kamati mwaka huu, yaani jinsi sumu ya mwani inavyodhoofisha chembe za kinga za kome.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ggaba hadi Jinja, tunaujua utando wa kijani unaotanda majini upepo unapotulia. Tumezoea kuuita mwani, ingawa kwa hakika ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea ifanyavyo. Katika Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo humwaga maji machafu ya Kampala, hustawishwa na mbolea iliyomo katika uchafu huo. Miongoni mwao wamo Microcystis, ambao baadhi yao hutoa sumu iitwayo maikrosistini.

Kome hula kwa kuchuja maji, hivyo lililomo majini humwingia. Mwili wake hautengenezi kingamwili kama wetu. Tegemeo lake kubwa ni chembe za damu ziitwazo hemosaiti, ambazo huwameza bakteria, huwaua kwa kemikali kali za oksijeni, na husaidia kuziba majeraha na kutengeneza gamba. Maikrosistini huzuia vimeng'enya vya fosfatasi, aina ya 1 na 2A, ambavyo huondoa fosfati kwenye protini. Vinapozuiwa, kiunzi cha ndani ya chembe huvurugika, na hemosaiti isiyoweza kujinyoosha na kujikunja haiwezi kumzingira bakteria na kummeza. Asidi okadaiki, itokayo kwa mwani wa baharini Dinophysis, huzuia vimeng'enya hivyohivyo, na ndiyo maana tafiti za kome wa baharini zinatuhusu hata sisi tusio na pwani. Ni kweli kwamba majibu hutofautiana kulingana na kipimo, muda na aina ya kome, na wakati mwingine hemosaiti huchangamka kwanza kabla ya kudhoofu. Kwa hiyo nawasihi tusikimbilie hukumu kwa kipimo kimoja.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba kome aliye hai si lazima awe mzima. Mwaka 1987 nchini Kanada, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliobeba asidi domoiki, sumu nyingine ya mwani wa baharini, na baadhi ya watu hao walifariki, ilhali kome wenyewe hawakuonyesha dalili za wazi. Tukingoja kuona makombe matupu ufukweni ndipo tushtuke, tutakuwa tumechelewa sana.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo msichote maji palipo na utando, wala msiwaruhusu watoto kuoga hapo.

Kamati inaomba kibali chenu ili kila mwalo uwe na daftari la siku ambazo maji yamegeuka kijani, na ili kome wa sehemu moja iliyochaguliwa wahesabiwe kila mwezi na watu walewale. Tunaomba pia fedha za kupeleka maji na kome maabara, kwani ofisi tuliyoiandikia mwaka huu haijatujibu.

Nawasilisha.