Kwodi ya mtoto haiwaki: kabla hujasema umeuziwa mbovu

Malalamiko ni yale yale kila shule zinapofungwa. Mzazi ananunua kwodi, yaani pikipiki ndogo ya magurudumu manne, ikiwa ndani ya sanduku lake, anakataa tumuunganishie kwa kuwa "ni kufunga magurudumu tu," na siku mbili baadaye simu inalia: haiwaki, au iliwaka ikazima, rudisheni pesa. Majuzi mteja mwingine aliandika hadharani kwamba tulimtoza Sh3,500 kwa kurudisha waya mmoja. Ni kweli, waya ulikuwa mmoja. Tutaufikia.

Tuanze na sanduku. Kwodi ya 110cc husafirishwa usukani ukiwa umelazwa, magurudumu yametolewa, bampa ziko kando na betri imefungwa peke yake. Nati nyingi zimeshikizwa kwa vidole tu ili fundi wa mwisho azikaze. Kama hukutulipa, fundi wa mwisho ni wewe.

Kinachokula muda ni usukani. Unashikwa na vibano viwili vyenye bolti nne, na bolti hizo hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, nafasi ya mbele na ya nyuma ya kibano zikilingana. Ukikaza mbili za mbele hadi mwisho kwanza, kibano kinapinda na usukani utazunguka mtoto akiruka tuta. Kisha kuna kebo. Usukani ulipolazwa kule kiwandani, kebo ya resi (ya kuongeza mwendo) na za breki zilikunjwa. Ukiusimamisha bila kuzipanga, ya resi hupita upande usiofaa wa shingo ya usukani. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa imewaka na gia iko huru, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Mlio wa injini ukipanda hata kidogo, kebo inavutwa. Mtoto akikata kona, mashine itaongeza mwendo yenyewe, na mzazi atasema resi imekwama.

Magurudumu ya nyuma hushikwa na nati kubwa yenye meno, na ndani ya meno hayo hupita pini inayokunjwa miguu. Pini hiyo ndiyo watu huitupa na nailoni za sanduku. Bila pini nati hulegea, habu (kitovu cha gurudumu) huanza kucheza kwenye ekseli na meno ya ndani huliwa. Ukisikia "tak" kila mtoto anapoondoka au kufunga breki, simamisha. Mapema utaponea kwa kukaza na pini mpya, lakini ukichelewa utanunua habu, na mara nyingine ekseli nzima. Hata ikiwa kila kitu kimekazwa vizuri, nati zote za magurudumu hurudiwa baada ya saa ya kwanza ya kuendesha.

Tairi zina mshale wa mwelekeo ubavuni, na kiwango cha upepo kimeandikwa hapo hapo. Ni upepo mdogo sana ukilinganisha na wa gari. Kijana wa kituo cha petroli hajui hilo. Atajaza mpaka tairi iwe ngumu kama ya Probox, na kwodi itadunda kama mpira. Tumia pampu ya mkono na geji inayosoma psi (kipimo cha upepo) za chini.

Oili sasa. Injini ya 110cc ya mipigo minne huja ikiwa tupu, au na oili kidogo ya safari ambayo si ya kufanyia kazi. Inachukua kati ya mililita 800 na 900 za oili ya pikipiki ya daraja la 10W-40. Pima kwa kijiti, kwodi ikiwa mahali tambarare, kijiti kikiwa kimesimamishwa tu tunduni bila kukizungusha. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa tano hadi kumi za kazi, kwa sababu hubeba unga wa chuma wa injini mpya. Kuna wanaojaza lita nzima "isipungue." Ikizidi, hupanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kichungi cha hewa, na moshi utaanza kabla ya siku kuisha.

Betri ni ya 12V na mara nyingi ya Ah (ampea-saa, ujazo wa betri) 4 hadi 7. Ichaji kabla ya kuifunga, kwa moja ya kumi ya Ah zake: ya Ah 5 kwa ampea 0.5. Ikitulia ikasoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Chini ya 12.2 imeshuka nusu. Njia ya mkato hapa ni kuvuta waya kutoka betri ya gari. Wengi hubahatika. Anayegeuza nyekundu na nyeusi huunguza fyuzi, na mara nyingi rektifaya, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, huondoka nayo.

Sasa unawasha. Kwodi hizi zina vizuizi kadhaa vya makusudi, na kimoja tu kikikosekana, staata hainguruki, cheche haitoki au injini haishiki. Kamba nyekundu ya usalama, ile inayozima injini ikivutwa, iwe imechomekwa. Swichi ya kuzima iwe upande wa kuwaka. Funguo imewashwa, gia iko huru na taa ya kijani ya N inaonekana, wenzo wa breki umeshikwa, koki ya petroli imefunguliwa, choki (wenzo wa kupunguza hewa wakati wa kuwasha) imepandishwa kama injini ni baridi. Ukishika breki, taa ya nyuma iwake. Isipowaka, huenda swichi ya breki ndiyo inayozuia staata; anza nayo kabla ya kugusa kitu kingine. Ukisikia "tik tik tik" bila injini kuzunguka, mara nyingi hiyo ni betri.

Injini ikizunguka bila kushika, toa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, umeijaza kupita kiasi. Ikaushe, shusha choki, jaribu tena. Kuona cheche, irudishe kwenye kofia yake na ulaze chuma chake kwenye injini, mbali na tundu la plagi, kisha ubonyeze staata. Unataka cheche ya buluu. Nafasi kwenye ncha ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Hapa ndipo ule waya unapoingia. Kwenye CDI ya injini hizi, kisanduku kinachotoa umeme wa cheche, kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Ukigusana na athi (chuma cha mashine), cheche inakatika. Funguo, swichi ya kuzima na kamba ya usalama zote zinafanya kazi hiyo moja: kuupeleka waya huo kwenye athi. Kwa hiyo cheche ikikosekana, kuna dawa ya dakika moja inayojulikana kila kona ya mji: uchomoe. Mashine inawaka, mzazi anatoa mia tano, anarudi nyumbani akicheka.

Ameondoka na mashine isiyozimika. Funguo ikizungushwa, inaendelea kunguruma. Swichi ikibonyezwa, inaendelea. Siku resi itakapokwama na mtoto yuko juu, baba atavuta ile kamba nyekundu, kamba itabaki mkononi na kwodi itaenda zake mpaka ukutani. Mashine ya mteja aliyetuandika ilifika ikiwa hivyo. Kuurudisha waya kulichukua dakika moja. Kutafuta kwa nini cheche ilikuwa imekatika kulichukua saa mbili na nusu: kufungua plastiki za mbele, kuchomoa swichi moja moja na kupima kila moja kwa mita, mpaka ikapatikana ya kamba, iliyoingia maji ya mashine ya presha ya kuoshea magari, ikashika kutu na kubaki imegusana ndani. Swichi mpya, viungo vya waya vikapakwa grisi, kisha kila njia ya kuzima ikajaribiwa mara tatu. Hiyo ndiyo Sh3,500. Tungeuacha waya umechomolewa tungelipwa mia tano na kusifiwa.

Osha kwodi kwa ndoo na kitambaa.

Ugonjwa wa pili kwa wingi ni kabureta, na huu ni wa likizo ya Aprili. Kwodi imeegeshwa Januari petroli ikiwa ndani. Petroli imekauka na kuacha gundi ndani ya jeti (kipande chenye tundu la kupitisha petroli) ndogo ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake ni kama unywele. Dalili yake haifichiki: inawaka choki ikiwa juu, ukiishusha inazima. Wenye haraka huchokonoa jeti kwa waya. Shaba ni laini, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo injini inakunywa petroli na kutema moshi mweusi, na hakuna skrubu itakayoirekebisha. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na upepo tu. Kuzuia ni bure: siku ya mwisho ya likizo, funga koki na uiache injini ingurume mpaka izime yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta imwage kilichobaki.

Mwinuko nao una lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jeti nyingi zimechaguliwa kwa nchi za chini. Matokeo ni petroli nyingi kuliko hewa: plagi inakuwa nyeusi ya masizi na injini inakohoa resi ikifunguliwa yote. Kwodi iliyokuwa sawa Mombasa ikaletwa Karen au Limuru haijaharibika njiani. Inahitaji jeti kuu ndogo kwa saizi moja au mbili. Kutoboa kichungi cha hewa ili "ipumue", kama tunavyoona, kunaingiza vumbi kwenye silinda, na vumbi la Kitengela halina huruma.

Kwa zile ndogo za 49cc za mipigo miwili, petroli na oili huchanganywa kabla ya kuingia kwenye tangi. Vitabu vingi vinasema 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita. Petroli tupu inakwaruza pistoni katika dakika chache, na hilo hatulihesabu kama kasoro ya kiwandani hata ukija na risiti. Kamba ya kuwashia ivute polepole mpaka ikaze, ndipo uivute kwa nguvu, bila kufika mwisho wake na bila kuiachilia irudi yenyewe. Magurudumu yakianza kuzunguka kabla mtoto hajagusa resi, mwendo wa chini umewekwa juu mno na klachi inashika. Punguza skrubu ya mwendo wa chini, usisubiri.

Kwodi za umeme za 36V zina betri tatu za 12V. Moja ikifa, badilisha zote tatu. Mpya ikichanganywa na mbili chakavu, itazifuata.

Kuna skrubu ndogo kwenye resi ya kidole gumba inayozuia isifunguke yote. Wazazi hutuomba tuitoe kwa sababu "haina nguvu." Kwanza angalia kama breki ya kuegesha imeachwa imefungwa, maana mara nyingi ndiyo hiyo. Viwango vya Marekani vya mashine za watoto wa miaka 6 na zaidi huweka kilomita 16 kwa saa skrubu ikiwepo na 24 ikitolewa. Sisi huiacha, na tunaikaza nati yake.

Kuunganisha ni Sh4,500 na huchukua saa tatu, pamoja na oili, kuchaji betri na kurudia nati baada ya kuijaribu. Ukiileta kwa matatizo, njoo na funguo zote mbili, kamba nyekundu, chaja na kitabu chake. Isafirishwe ikiwa imesimama, koki imefungwa. Na kama kuna mtu aliyeigusa kabla yetu, tuambie aligusa wapi, kwa kuwa saa tunazopoteza kutafuta waya uliochomolewa ndizo unazolipia.