Picha za marehemu baba ninazo, ninachoogopa kupoteza ni majina. Nifanyeje kabla fundi hajapiga Windows mpya?

Assalaam alaykum na habari za saa hizi ndugu zangu. Naombeni ushauri kwa yeyote anaezijua kompyuta vizuri, maana hapa nyumbani tunabishana wiki ya tatu sasa na fundi nishamuahidi Ijumaa, na mie kila nikiifungua hii laptopu moyo unanienda mbio.

Iko hivi. Baba yetu, Mungu amrehemu, alinunua laptopu mwaka 2013 ikiwa na Windows 7, akanunua na skana ya mezani, na alipostaafu kazi yake ikawa moja tu, kuziingiza picha zote za ukoo. Sisi ni watu wa Unguja, picha zenyewe nyingine ni za zamani sana, zile nyeusi na nyeupe za studio, kuna ambazo nyuma zina muhuri wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, kuna za harusi, za mawlidi, za skuli, za watu wanaoondoka bandarini. Kila baada ya ishaa alikuwa anakaa na bibi mezani, bibi anaangalia kioo anamwambia huyu fulani bin fulani, huyu mtoto wa yule wa Kikwajuni, na baba anaandika. Programu aliyokuwa anatumia ni Picasa, ile inayokata uso wa mtu kwenye picha halafu unaiandikia jina. Google waliiacha Picasa mwaka 2016 lakini baba hakuiacha, ilikuwa ishakaa kwenye mashine na inafanya kazi, na alivyoipeleka laptopu Windows 10 mwaka huo huo ikaendelea kufungua kama kawaida.

Bibi alifariki 2018, baba akamfuata mwaka uliofuata. Na albamu zenyewe hazipo tena, masika moja bati lilivuja juu ya kabati, picha zikagandana na zile plastiki, ukizibandua uso wa mtu unabaki kwenye plastiki na mkononi unabaki na karatasi nyeupe. Kwa hiyo nakala ni hiyo hiyo moja iliyomo kwenye laptopu, picha elfu 14 na kitu, GB 96.

Sasa tatizo lenyewe. Mie ni mwalimu, hiyo laptopu ndo naitumia kwa maksi za wanafunzi na kwenye intaneti, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama bure kama zamani. Kaka angu yuko Muscat, kila akipiga simu ananiambia badilisha, virusi vitakuja vitaifunga kila kitu na utadaiwa pesa. Nikaenda kwa fundi mjini, akaniambia mashine ni ya zamani, prosesa ni Kor i3 kizazi cha tatu wakati Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, na hiyo TPM 2.0, chipu ya usalama, haina, ila yeye anajua njia ya kuiruka hiyo kinga. Lakini kasema bora afomati, yaani aifute diski yote, apige upya, kwa vile kuipandisha juu ya ile ya zamani itakuwa nzito. Nikamuuliza picha je, akanijibu "wasiwasi wa nini, nitakubakapia".

Hilo neno ndo linaninyima usingizi. Dada angu mwaka 2020 aliambiwa hivo hivo na fundi mwengine, na kweli alibakapu, alichukua Desktop, Documents na Pictures akarudisha zote salama. Ila picha za arusi ya dada hazikuwa humo, alikuwa katengeneza folda yake mwenyewe moja kwa moja kwenye C. Fundi hakuiona wala hakuuliza, na dada hakujua kuwa ilibidi aseme. Hakuna aliyefanya ubaya, lakini arusi imekwenda. Na msiseme ni mafundi wetu tu, Oktoba 2018 Microsoft wenyewe walitoa apdeti kubwa ya Windows 10 wakaisimamisha baada ya siku chache kwa sababu kuna watu ilikuwa inawafutia mafaili yao. Fundi pia kaniambia hata ikiharibika tutarudi nyuma, nikaulizia, kumbe ile folda ya Windows.old, inayotunza Windows ya zamani, inakaa siku 10 tu kwa kawaida, tena ni pale unapopandisha, ukishafomati diski hamna cha kurudia.

Basi nikaamua nikopi mwenyewe kwanza. Nimenunua haddiski ya nje ya TB 1, na kabla ya kuanza zote nikajaribu folda moja, ya skuli ya mama, nikampa mtoto wa dada aende kuifungua kwenye kompyuta yake. Picha zote 214 zikafunguka, safi kabisa. Majina hakuna. Hata moja.

Ndo hapo nikaanza kusoma usiku na mchana, na hiki ndo nilichokielewa, nirekebisheni kama nimekosea. Maelezo yale yanayoandikwa chini ya picha, Picasa inayaingiza ndani ya faili la JPEG lenyewe, hayo yalikuja. Lakini majina ya nyuso inayaweka pembeni, kwenye kifaili kilichofichwa kinachoitwa .picasa.ini ndani ya kila folda, na kwenye hifadhi yake iliyoko AppData, folda iliyofichwa ambayo programu zinaweka mambo yao, huko ndani kabisa. Mtoto alifungua folda akachagua vinavyoonekana akakopi, kile kilichofichwa kikabaki. Na hata nilivyomrudishia nacho, yeye hana Picasa, na programu alizonazo hazikisomi. Na zile picha baba alizozirekebisha akasevu, ya asili iko kwenye folda nyengine iliyofichwa, .picasaoriginals. Yaani fundi hata angekuwa muaminifu namna gani, angenirudishia picha elfu 14 za watu wasiojulikana na angesema kazi imekamilika.

Kuna picha moja ya mwaka 1969, wasichana saba wamevaa sare wamesimama kwenye ngazi. Nilimuonyesha mama bila majina. Aliwataja wanne, wa tano alifikiri sana akasema jina la ukoo tu, wawili akanyamaza. Nikamfungulia kwenye Picasa akayasoma yote saba, akasema "ah, huyu alikuwa rafiki yangu wa roho, nimemsahauje". Sijui niwaelezeje zaidi ya hapo.

Sasa nimesoma kuwa Picasa 3.9 kwenye mipangilio yake ya majina kuna sehemu ya kuchagua majina yaandikwe ndani ya picha yenyewe, na yakishaingia humo programu kama digiKam inaweza kuyasoma. Hilo ndo nalitaka. Ila naogopa mambo mawili. Kwanza, hiyo ni kuyagusa mafaili elfu 14 ambayo ndo nakala pekee, ukikatika umeme katikati na betri ya laptopu ilishakufa zamani itakuwaje? Pili, diski yenyewe. Nilipoanza kukopi zote kwenda kwenye ile ya nje, ilifika kama robo tatu ikasimama ikaleta ujumbe wa "cyclic redundancy check", yaani imeshindwa kulisoma faili vizuri, nikiruka hilo faili inaendelea halafu inasimama tena mbele, na kuna mlio kama wa kugonga kucha mezani. Nilisimamisha hapo hapo. Sijui kama nimefanya vizuri au nimechelewesha.

Kaka anasema mambo yote haya ya nini, pandisha zote Google Photos basi. Kwanza bure ni GB 15 tu, mambo ya kupandisha bila kikomo yaliisha Juni 2021. Pili, kwa intaneti yangu inayopandisha kama Mbps 2 ikiwa na siku nzuri, nimepiga hesabu ni zaidi ya siku nne usiku na mchana bila kukatika. Lakini kubwa ni mama. Humo mna picha za sherehe za wanawake, za ndani, watu wamejipamba wako wazi vichwa, walipigwa kwa kuaminiana kuwa haziendi popote. Mama kasema haziingii kwenye intaneti na hazilali dukani kwa fundi, na wengine waliomo humo washakufa hawawezi kuulizwa. Mie niko nae kwa hilo, naomba msinishauri kumgeuza. Kaka anaona ni ushamba, na mie namuheshimu ni mkubwa wangu, lakini hapa sikubaliani nae.

Nilichofikiria mie ni niachane na hii laptopu kabisa kwa kazi, nitafute iliyotumika yenye Windows 11 halali kwa ajili ya skuli, na hii ya baba ibaki na Windows 10 yake na Picasa yake, isiguse intaneti tena. Pesa ya laptopu sina kwa sasa, labda baada ya miezi miwili mitatu. Lakini hata hapo diski ikifa imekufa na kila kitu, kwa hiyo lazima zitoke humo.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Ukiona ujumbe ule wa kosa na mlio ule, naendelea kukopi folda moja moja nikianza na za zamani, au niizime nitafute mtu wa kuichukua diski nzima kama ilivyo, sekta kwa sekta, kwenda kwenye nyengine, na je hiyo kazi inaweza kufanyika hapa nyumbani mbele yangu na mama bila kuacha mashine dukani? Ile ya kuingiza majina ndani ya picha niifanye kwenye nakala tu, na nikihamisha zile folda za AppData kwenye mashine nyengine majina yatakuja yote au ni lazima njia za folda zibaki vile vile? Nikishamaliza nitahakikishaje kuwa hakuna lililobaki nyuma, maana kuhesabu mafaili peke yake naona haitoshi. Na je, kuna aliyewahi kuyatoa majina ya Picasa mpaka yakaonekana kwenye programu nyengine, uliyafanyaje hatua kwa hatua?

Na kama kuna mtu ameona kitu ambacho sijakiuliza kwa kutokujua, naomba aniambie hicho kwanza.

Fundi nitampigia Alhamisi jioni nimwambie asije, kama hakuna wa kuniambia vyengine. Laptopu nimeizima, chaja nimeichomoa, iko kwenye kabati la mama juu ya nguo.