Barua kwa mpwa wangu: Thales alikosea, na hapo ndo pazuri

Mpwa wangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala na zile kelele sikuambulia kitu, nyumbani ndo nikaisikia vizuri. Unasema mmefundishwa kwamba zamani watu waliamini hadithi za miungu tu, kisha akaja Thales huko Ugiriki akaanza kutumia akili, na wewe limekukera, unauliza ina maana wote waliotangulia hawakuwa na akili? Nimefurahi mno kwamba limekukera. Nakujibu hapa hadharani manake najua tuko wengi tuliofundishwa hivyohivyo na hatukuuliza.

Tuanze na hizo hadithi. Mtu wa pwani ya Ionia, walikokaa Wagiriki ila leo iko Uturuki, ardhi ikitetemeka alikuwa na jibu, Poseidon wa baharini kakasirika. Radi ikipiga ni Zeus. Upinde wa mvua ukitokea ni Iris, mjumbe wa miungu. Na Hesiod alishatunga shairi zima linalopanga ukoo wa miungu tangu mwanzo, kwanza Chaos, kisha Gaia ambaye ndiye ardhi, Gaia akamzaa Uranus ambaye ndiye mbingu, na kuendelea, nani kazaa nani na nani kampindua nani. Hiyo ni kazi ya akili kabisa, mtu kakaa chini akataka dunia nzima ishikane. Shida ya majibu yale ni kwamba huwezi kuyabishia. Leo ardhi imetikisika, basi Poseidon ana hasira, kesho imetulia, basi hasira zimeisha. Utazipimaje hizo hasira? Jibu linafaa kila siku, hakuna siku hata moja litakayokutwa na kosa.

Sasa Thales. Alikuwa mtu wa Miletus, mji wa bandari hukohuko Ionia, watu wake wanasafiri mpaka Misri na mpaka Bahari Nyeusi, wanakutana na wageni wenye miungu mingine na elimu nyingine. Watu wa Babeli walikuwa wameshaweka kumbukumbu za kupatwa kwa jua na mwezi muda mrefu kabla yake, kwa hiyo ukisikia mtu anasema elimu ilianzia kwa Wagiriki mkatalie. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Thales alitabiri mwaka ambao jua litapatwa, na likapatwa kweli Walidia na Wamedi, mataifa mawili ya zamani, wakiwa katikati ya vita, wakaacha kupigana. Wataalamu wa falaki wengi huiweka siku hiyo tarehe 28 Mei 585 KK. Hiyo ndo stori inayopendwa na wengi.

Mimi ninayoipenda ni nyingine. Alisema ardhi inaelea juu ya maji kama gogo, na maji yakichafuka ndo inatikisika. Ni kosa, wewe mwenyewe unajua ni kosa. Ila iangalie vizuri: bahari imebaki palepale, Poseidon hayumo. Kikibaki maji na gogo basi mtu yeyote anaweza kuuliza swali, na swali linakuja lenyewe, kama ardhi imebebwa na maji, maji yamebebwa na nini?

Hapo anaingia Anaximander, wa mji huohuo, anayekumbukwa kama mwanafunzi wa Thales. Yeye akasema ardhi haijabebwa na kitu chochote. Iko katikati, umbali wake na kila upande ni sawa, kwa hiyo haina sababu ya kwenda huku zaidi ya kule, inatulia. Mwanangu, hebu fikiria mtu asiye na darubini, asiye na picha yoyote ya angani, anaiachia dunia nzima ielee hewani bila kamba wala nguzo kwa nguvu ya hoja tu! Na asili ya vitu vyote akasema si maji kama alivyosema mwalimu, ni kitu kisicho na mpaka. Radi je? Upepo uliobanwa ndani ya wingu ukalipasua.

Akaja wa tatu, Anaximenes, naye akawapinga wote wawili. Akasema asili ni hewa, ikilegea inakuwa moto, ikibanwa inakuwa upepo, kisha wingu, maji, udongo, mawe. Na akatoa jaribio ambalo unaweza kulifanya sasa hivi: fungua mdomo wazi upumulie kiganja, pumzi ya moto, kisha bana midomo upulize, pumzi ya baridi. Akaona huo ndo ushahidi kwamba kubana kunaleta baridi. Sababu aliikosea (ukipuliza kwa nguvu pumzi inakokota hewa ya pembeni ambayo ina baridi zaidi), lakini katuachia kitu cha kujaribu kwa mkono wetu wenyewe baada ya miaka zaidi ya 2,500.

Hilo ndo ninalotaka ulishike. Watatu, mji mmoja, ndani ya miaka isiyozidi mia hivi, wote wamekosea, na kila mmoja kasimama juu ya kosa la mwenzake. Huyo aliyempinga mwalimu wake anakumbukwa mpaka leo kama mwanafunzi wake, si kama adui yake.

Usidhani ilikuwa rahisi kila mahali. Anaxagoras, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, aliposema jua ni jiwe la moto kubwa kuliko nchi ya Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, na mwezi unapata mwanga wake kutoka kwa jua, alishtakiwa Athens kwa kukufuru, akaishia kuhamia mji mwingine, Lampsacus. Kuhusu mwezi alikuwa sahihi.

Na kuna moja imenigusa kuliko zote, nimemwomba ruhusa mama yako mdogo kabla ya kuiandika. Wewe unamjua akinywa vidonge vyake kila jioni na maisha yanaendelea. Sisi tuliomkuta mtoto tunakumbuka akianguka watu wanakimbia wasiguse lile povu, na mganga mmoja alisema ni pepo, akataja mpaka jina la pepo mwenyewe, akafukizwa, akakatazwa nguo nyekundu, miaka ikapita hivyo. Sasa kuna maandishi ya Kigiriki ya kama mwaka 400 KK, yamo kwenye mkusanyiko wa Hippocrates, yule tabibu wa Kigiriki, ila aliyeyaandika hajulikani, yanahusu kifafa ambacho wao walikiita ugonjwa mtakatifu. Anaeleza waganga wa wakati wake: mgonjwa akilia kama mbuzi wanasema ni Mama wa miungu, sauti ikiwa kali kama ya farasi ni Poseidon, akitoa povu na kurusha miguu ni Ares, mungu wa vita. Wanakataza kuvaa nyeusi, wanakataza nyama ya mbuzi. Niliposoma pale niliweka simu chini nikalia.

Yeye mwandishi anasema ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, una asili yake na sababu yake, na unatoka kwenye ubongo. Anasema mbuzi naye huupata, mpasue kichwa utakuta ubongo umejaa maji na unanuka, utaona kwa macho yako kwamba ni mwili ndo unaoumwa. Maelezo yake ya makohozi kuziba mishipa hayakuwa sahihi. Lakini ubongo, alipatia. Wala hakumkana Mungu, alisema magonjwa yote ni ya kimungu na yote ni ya kibinadamu, hakuna moja la kutengwa peke yake. Mama mdogo nilimsomea kipande hicho, akanyamaza, kisha akaniambia nimrudie tena kile cha mbuzi.

Anakusalimia sana. Na kabla sijasahau, ile hoja ya Anaximander nimekaa nayo wiki nzima na kuna mahali inanisumbua. Kama ardhi haianguki kwa sababu umbali ni sawa kila upande, kwa nini mimi nikiachia kikombe kinaanguka? Piga hesabu zako, nitumie voisi Jumapili, na usinionee haya.

Mjomba wako